Kilemba cha Bibi Africa

Mjomba alinitembelea Glasgow mwezi wa Februari, na ile baridi ikamfanya apende ukumbi wowote wenye hita. Ndimo tulimomkuta mzee mmoja wa visiwa vya Uskoti, ametandaza mti wa ukoo wake mezani. Mjomba akainama, akasoma, akamaka.

"Africa! Bibi yake alikuwa akiitwa Africa! Hebu muulize, wa Tanga au wa Pangani?"

Nikamwambia si wa huko wala huku. Jina lenyewe ni Oighrig, la Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa hivyo, hutamkwa karibu na "Oirik". Zamani liliandikwa Affraic, na wapo wanaolifasiri "mwenye madoadoa". Affrica binti Fergus wa Galloway aliolewa na mfalme wa Kisiwa cha Man katika karne ya 12. Mjukuu wake, wa jina hilohilo, ndiye aliyeanzisha abasia (nyumba ya watawa) ya Grey kule Ireland mwaka 1193.

"Madoadoa? Basi kanga huyo! Na kanga ni wetu."

Mzee, kwa kuona tumenogewa, akaanza kueleza taabu ya kuwatafuta kina Oighrig. Makarani wa kanisa waliandika Kiingereza, kila mmoja kwa akili yake. Mwanamke yuleyule hubatizwa Effie, huolewa Euphemia, huzikwa Africa. Karani mwingine humwita Henrietta. Serikali ya huku ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1855. Kabla ya hapo hutegemewa zaidi vitabu vya kanisa, navyo vina mapengo. Kwa hiyo usianze na jina la kwanza, utapotea. Shika jina la ukoo wa baba yake, maana mke wa Kiskoti aliendelea kuandikwa kwa jina la kwao hata akiwa na wajukuu. Kisha linganisha kijiji na umri. Aliyefariki kuanzia 1855, rekodi ya kifo hutaja baba na mama, pamoja na ukoo wa mama.

Nilitafsiri yote. Mjomba alibakiwa na moja tu.

"Aliendelea na jina la kwao? Basi ni mtu wetu hadi leo. Muulize, kilemba cha mjomba alipokea nani?"

Kilemba cha mahari, kwa Kiingereza, mbele ya foleni! Nikasema "kofia".

Mzee akamtazama Mjomba kichwani, akamwonea huruma, akavua kofia yake ya sufu akamvika kwa mikono miwili.

Mjomba akaiweka sawa, akakohoa kidogo.

"Mwambie tumepokea. Bado mkaja wa mama."