Rafiki wa kadi moja kwa mwaka

Wajapani wanaoandikiana barua mara kwa mara husema wanafanya buntsu. Sisi tuliita urafiki wa kalamu, na wengi tuliuacha shuleni. Ila mimi wananivutia zaidi wale wa nengajo, kadi ya mwaka mpya: watu ambao pengine hawajaonana tangu ujana, na kila Januari kadi inafika.

Kuna wanaobeza, eti huo ni urafiki gani wa kusalimiana mara moja kwa mwaka? Naupenda kwa sababu una siku yake na taratibu zake. Kadi ukiitia posta kufikia Desemba 25, inagawiwa Januari 1 asubuhi pamoja na za wengine wote. Kadi za posta zina namba za bahati nasibu, utaratibu ulioanza 1949, na zawadi ni ya aliyetumiwa, si ya mtumaji. Ukiletewa na mtu uliyemsahau, unamjibu haraka kabla Januari 7 haijapita. Nyumba iliyofiwa haitumi. Kabla mwaka haujaisha, inawaarifu jamaa na marafiki kwamba iko msibani, wasije wakaiandikia pongezi. Ndivyo rafiki wa mbali anavyopata habari kwamba mama wa mwenzake amefariki.

Mwaka 2003 posta ilitoa kadi zaidi ya bilioni 4.4. Tangu hapo zinapungua, na Oktoba 2024 bei ya kutuma kadi moja ilipanda kutoka yeni 63 hadi 85. Sasa wazee wengi wanatuma nengajo-jimai, kadi ya kuaga: umri umekwenda, mwaka huu ndio wa mwisho, asante kwa miaka yote. Wapo wanaoiona kama kufungiwa mlango usoni. Kwangu mimi hiyo ni adabu kubwa. Sisi tunaachana kwenye WhatsApp bila neno, ujumbe umesomwa, jibu halipo, na hujui mwenzako ana shughuli, amekasirika au anaumwa.

Jambo moja tu sikubaliani nalo. Wengine huandika chini ya kadi hiyo ya mwisho namba ya simu au jina lao la LINE, programu ya ujumbe kama WhatsApp, wakisema tuendelee huku. Mtu unayeweza kumwandikia saa yoyote ndiye unayemwahirisha mpaka mwakani, na huko hakuna tarehe ya posta ya kukuharakisha. Afadhali wangepunguza kadi, wakabakiza tano za wale wa zamani kabisa.