Kizibo kimoja kwa bomba

Kata kichwa cha alizeti kilichokauka, uchomoe mbegu kuanzia ukingoni kwenda katikati, ukizibana moja moja kwa kidole gumba. Za pembeni hazibonyei. Ukikaribia katikati zinaanza kubonyea: pepe tupu. Alizeti hufungua maua yake kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo mvua ikikatika wakati wa maua, jambo ambalo mkulima wa Singida au Dodoma halimshangazi, yale ya katikati ndiyo yanayolala njaa.

Pepe hizo ndizo zinazowavuta watu kwenye vidhibiti ukuaji, yaani homoni za mimea zinazopigwa shambani kwa kipimo kidogo mno. Madukani vinawekwa kundi moja na mbolea za kunyunyizia majani, vyote vikaitwa busta. Wanaovitetea wana hoja ya kweli. Mkulima wa mvua keshachagua mbegu, keshapanda, keshapalilia. Ukame ukimkuta katikati ya msimu, amebakiwa na nini zaidi ya kutazama mawingu? NAA, homoni ya kiwandani ya kundi liitwalo oksini, hupunguza kupukutika kwa maua. Asidi ya salisiliki, ndugu wa aspirini, inaweza kuusaidia mmea kustahimili ukavu. Huko India, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tamil Nadu kimeiweka NAA kwenye ushauri wake kwa wakulima wa karanga. Nasi tunaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, kwa hiyo kila pepe inayogeuka mbegu ina maana kwa taifa zima.

Mkulima anayesita kununua, basi, huambiwa ni mkaidi, haamini sayansi. Mimi naona amepiga hesabu ambayo muuzaji hajaipiga.

Chukua kipimo kinachotajwa mara nyingi kwa NAA, miligramu 40 kwa lita moja ya maji. Bomba la mgongoni la lita 15 linataka miligramu 600, yaani gramu 0.6. Hakuna mizani ya gulioni inayoweza kupima uzito huo. Dawa ikiwa ya maji, yenye nguvu ya asilimia 4.5, ni mililita 13 hivi. Sasa sikiliza mazungumzo niliyoyakuta kwenye duka moja la pembejeo:

"Kizibo kimoja kwa bomba, mzee."

"Kizibo cha chupa ipi, mwanangu?"

Kijana alicheka, akadhani anataniwa. Mzee hakuwa anatania. Kuna kizibo cha mililita 5 na kuna cha 20. Kwenye mbolea ya majani tofauti hiyo pengine itakugharimu pesa tu. Kwenye oksini inaweza kukugharimu shamba. Ile 2,4-D tunayoulia magugu kwenye mahindi ni oksini pia, ukoo mmoja na NAA, na alizeti ni miongoni mwa mazao yanayoiogopa kupita kiasi: bomba lililopigia mahindi wiki iliyopita, likasuuzwa juujuu, linatosha kukunja majani na kupinda shina. Hata NAA yenyewe ina sura mbili. Wakulima wa tufaha huitumia mapema msimuni kuangusha matunda yaliyozidi, kisha karibu na mavuno huitumia kuyazuia yasianguke. Dawa ni ileile, kilichobadilika ni tarehe. Mtu anayeambiwa "kizibo kimoja, ukiona maua" hana kipimo na hana tarehe.

Nikubali upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Ekari moja, kwa lita 100 za maji, inahitaji gramu 4 tu za NAA. Gramu 4 zinaingia mfuko wa shati, wakati mfuko wa mbolea unataka bodaboda na nauli yake. Hiyo ni faida, nami siidharau. Ila lita 100 ni madumu matano ya lita 20, na tunazungumzia wiki ambazo mvua imekatika. Anayeyabeba madumu hayo kutoka kisimani mara nyingi siye aliyekaa semina ya busta.

Jambo linalosahaulika zaidi liko hukohuko Tamil Nadu. Ushauri wao wa karanga haunyunyizi homoni peke yake. Ndani ya mchanganyiko kuna mbolea za DAP na salfeti ya amonia, na boraksi inayoleta kirutubisho cha boroni. Wanajua kwamba homoni ni amri na mmea unahitaji chakula cha kuitekelezea. Shamba la alizeti lisiloona mbolea miaka kumi, ukilipiga homoni, umemwamuru mama apike na debe la unga ni tupu. Klomekwati, kidhibiti ukuaji kingine kinachofupisha shina, imejijengea jina kwenye ngano ya Ulaya iliyoshiba naitrojeni mpaka inalala chini. Wangapi kati yetu alizeti yao imelala kwa kushiba?

Halafu pepe yenyewe si ya ukame peke yake. Upungufu wa boroni huileta. Kukosa nyuki huileta, hasa kwa mbegu za zamani kama Record, kwa sababu alizeti hutegemea sana chavua kutoka mmea mwingine. Singida hiyohiyo inayosifiwa kwa alizeti inasifiwa pia kwa asali, na bado wapo wanaopiga dawa ya wadudu saa nne asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wamejaa, kisha Mei wanauliza kwa nini gunia ni jepesi.

Sisemi homoni zifungiwe nje. Zina kazi, na siku ambapo chupa itauzwa na kikombe chake cha kupimia, na maelezo ya Kiswahili yanayotaja umri wa mmea kwa siku, nitakuwa miongoni mwa watakaojaribu. Ningependa tu kabla ya hapo vijiji vionyeshwe vipande vinne vya shamba bega kwa bega: cha kwanza kilimwe kama kawaida, cha pili kiwe na matuta ya kukinga maji na boroni kidogo, cha tatu kiwe kama cha pili lakini kipigwe na homoni, cha nne kipate homoni peke yake. Mizinga iwekwe jirani. Misimu mitatu, na mmoja wao uwe ule mbaya ambao mvua inaondoka bila kuaga, kwa sababu ndio msimu tunaouziwa dawa hii.