Kutoka Upanga hadi Manchester: nani ana haki ya kumpima daktari wetu?

Daktari aliyehitimu Muhimbili akitaka kutibu Uingereza, shahada peke yake haimfikishi. Njia ya wengi huanza na Kiingereza: mtihani wa IELTS, wastani wa 7.5, na asishuke chini ya 7 popote, au afanye OET, ule wa Kiingereza cha wahudumu wa afya. Halafu PLAB, mtihani wa baraza la madaktari la huko, GMC. Sehemu ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu kwa saa tatu, na inafanyika hata nje ya Uingereza. Ya pili ni Manchester tu. Unatoka kituo kimoja unaingia kingine, unakutana na mtu anayeigiza mgonjwa, na pembeni kakaa mtahini anaangalia unavyosalimia, unavyouliza, unavyomweleza mtu habari mbaya. Ada ya sehemu hiyo inapita pauni 900, hapo viza na nauli bado.

Wapo wanaosema huu ni ubaguzi, maana nimonia ya Temeke na ya Leeds zimo kwenye vitabu vilevile. Siungani nao. Mbona sisi tunafanya hayohayo? Kijana aliyesomea udaktari China au Urusi akirudi Dar, cheti chake kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, kisha anakabidhiwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuna mwaka wa utarajali kabla ya usajili kamili. Wazazi waliouza kiwanja kumsomesha hulalamika sana. Mgonjwa, nadhani, angeomba wamkaze zaidi.

Kinachonikera ni pale kupimwa kunapogeuka kurudishwa darasani. Marekani, ukishafaulu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huko, na kupata cheti cha ECFMG, taasisi inayohakiki madaktari waliosomea nje, kwa kawaida bado unatakiwa kugombea nafasi ya mafunzo ya ubingwa na kuyaanza upya: miaka mitatu kwa magonjwa ya ndani, mitano kwa upasuaji. Hata kama ulikuwa bingwa mwenye watoto wa kuozesha. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kumpa daktari wa aina hiyo leseni ya muda, afanye kazi chini ya uangalizi, na majimbo mengine yakafuata. Wanaopinga wanahofia kuzaa madaktari wa daraja la pili, ambao bodi za ubingwa hazitawatambua. Hoja hiyo ina uzito, lakini mtu akiangaliwa kazini kwa miaka kadhaa, utajua anachokiweza kuliko ukimrudisha kuwa mwanafunzi.

Sasa tugeukie nyumbani, ambako lawama huwa nyingi. Serikali imemsomesha, Bodi ya Mikopo inamdai, na yeye anapanda ndege. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliorodhesha nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania ikiwemo, na Uingereza imejifunga kutokwenda kuajiri kwa makusudi katika nchi hizo. Daktari akiomba mwenyewe, hakuna anayemzuia.

Na azuiwe kwa lipi? Mwaka 2017, baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya, tulikubali kupeleka huko madaktari 500. Mahakama ya Kenya ilipoingilia, Rais Magufuli aliagiza 258 waliokuwa wameomba kwenda waajiriwe hapahapa. Maana yake walikuwepo, wamesoma, na ajira hawana. Ukimkuta daktari anajitolea hospitalini kwa posho ya nauli, usimhubirie uzalendo.

Ila anayekwenda ajue pia anakokwenda. Leseni ya GMC si mkataba wa kazi, na Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwapa kipaumbele wahitimu wa vyuo vyake katika nafasi za mafunzo ya ubingwa. Unaweza kumaliza akiba yako, ukafaulu kila kitu, ukabaki na leseni kwenye simu. Ujerumani nako unaanza na lugha, kisha mtihani wa Kijerumani cha hospitali.

Kuna kipande kimoja hakihitaji kumsubiri mzungu. Kabla GMC haijakusajili, shahada yako lazima ithibitishwe na chuo chenyewe kupitia mfumo wa EPIC: ujumbe unatumwa chuoni, mhusika anahakiki, anajibu. Baraza letu la Madaktari nalo lithibitishe kwamba huna kesi ya kitaaluma. Kazi hizo mbili zinafanyika hapa nyumbani, na hazidai viza wala pauni.