Seli za uvimbe wa watoto wetu zisikuzwe peke yake

Ukitaja limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, hapa Kisumu, muuguzi wa wodi ya watoto hahitaji maelezo. Taya linavimba, meno yanalegea, wakati mwingine jicho linasukumwa nje. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukanda huu wa Ziwa Victoria, penye malaria mwaka mzima, ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vielelezo vya maabara vya saratani hii, yaani seli za uvimbe zinazokuzwa ili kuuchunguza na kupimia tiba, vitengenezwe hapa, na vitengenezwe vikiwa kamili.

Historia yake ilianzia jirani. Desemba 1963, sampuli ya uvimbe ilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu ukailazimu ndege kutua Manchester, na sampuli ilipomfikia mtafiti Anthony Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angeyamwaga akidhani yameingia bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli hai zikielea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo, kinachoitwa leo kirusi cha Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Mwaka huohuo wa 1963, huko Ibadan, seli za mtoto mwingine zilizaa ukoo wa seli uitwao Raji, ambao mpaka sasa unakuzwa katika maabara nyingi duniani.

Tumejifunza mengi kutokana na seli hizo. Lakini seli ikikaa chupani peke yake hubadilika. Mwilini, seli ya Burkitt huzima karibu protini zote za EBV na kubakiza hasa moja, EBNA1, hivyo kinga ya mwili haiitambui kwa urahisi. Chupani hakuna wa kuiwinda, na baada ya muda nyingi huanza kutoa zile protini nyingine waziwazi. Ukipima tiba ya kinga kwa seli kama hiyo, unapima kitu ambacho mtoto wa Siaya hana.

Kisha kuna majirani wa uvimbe. Daktari wa patholojia akitazama kipande cha Burkitt huona buluu iliyokolea yenye madoa meupe, kama anga la usiku lenye nyota. Madoa hayo ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza seli za saratani zilizokufa. Utafiti wa panya umeonyesha kwamba makrofaji hizo zaweza kuusaidia uvimbe kukua. Raji pekee haitakuonyesha hilo. Tunahitaji kielelezo cha pande tatu: seli za uvimbe ndani ya jeli, pamoja na makrofaji na seli T, askari wengine wa kinga, za mgonjwa yuleyule, ambaye kinga yake imepigana na malaria tangu utotoni.

Tishu hai haingoji. Inapaswa kufika maabara mapema, ikiwa bado mbichi. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako Kisian, hospitali ya rufaa ya Jaramogi iko mjini. Kati yao ni safari fupi tu ya matatu, yaani basi dogo.

Najua wapo watakaosema pesa ziende kwenye dawa kwanza. Dawa zinunuliwe, tena zisikosekane hata siku moja! Ila katika nchi tajiri watoto wengi hupona kwa mchanganyiko mkali wa dawa unaoangusha kinga, na mtoto huvushwa kwa damu ya kuongezewa, antibiotiki na uangalizi wa karibu usiku na mchana. Wodi zetu nyingi haziwezi kubeba mzigo huo. Tukitaka tiba nyepesi inayolenga udhaifu wa uvimbe huu, lazima tuujue udhaifu wenyewe, na hautapatikana kwenye seli zilizozoea chupa kwa miaka sitini.

Stima isipotee: inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, ikipoa, kazi ya majuma imekwisha. Na mzazi aelezwe kwa Dholuo, kwa Kiluhya, kwa lugha yoyote anayoielewa, kwamba seli za mwanawe zaweza kuishi miaka mingi kuliko ugonjwa wenyewe. Henrietta Lacks, Mmarekani ambaye seli za saratani yake bado zinakuzwa maabara, hakuulizwa mwaka 1951. Mama wa Bondo aulizwe, na akikataa, mtoto wake atibiwe vilevile.