Kipima pH cha bei nafuu kwa tangi la matumbawe: cha kalamu au cha kudumu?

Kalamu ndogo ya kupimia pH (kiwango cha asidi au ubesi wa maji) hupatikana kwa chini ya dola 20 za Marekani. Kipima cha kudumu, ambacho kihisi chake hukaa ndani ya maji saa 24, mfano Pinpoint ya American Marine, huuzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Je, mfugaji wa matumbawe nyumbani anahitaji kweli hiki cha pili?

Wanaokitetea wana hoja nzito. pH ya tangi haitulii. Taa zikiwaka, mwani na matumbawe hufyonza hewa ukaa na pH hupanda. Usiku viumbe vyote vinapumua tu, nayo hushuka. Kupanda na kushuka kwa 0.2 hadi 0.4 kwa siku ni jambo la kawaida. Anayepima jioni peke yake huona 8.3 akaridhika, kumbe kabla taa hazijawaka asubuhi maji yalikuwa 7.9. Na kwa anayeongeza maji ya chokaa ili kuyapa matumbawe kalsiamu, ambayo pH yake hufika takriban 12.4, pampu ikikwama bila kuzimika usiku hakuna kalamu itakayomwamsha. Kipima cha kudumu chenye kengele kitamwamsha.

Lakini kihisi kinachoishi majini huchakaa majini. Utando na mwani wa chokaa hukifunika kichwa chake cha kioo, na kwa kawaida kihisi hudumu mwaka mmoja hadi miwili. Kioo hicho hutoa takriban milivolti 59 kwa kila kizio kimoja cha pH, kwa hiyo kikiyumba milivolti 6 tu, umeshadanganywa kwa 0.1. Hita yenye ufa inayovujisha umeme nayo huvuruga namba. Chota maji ya tangi kwenye glasi, iweke mbali, uchovye kihisi humo: namba ikiruka papo hapo, kosa ni la umeme, maji hayana tatizo. Zima vifaa kimoja kimoja hadi umpate mkorofi.

Kalamu hukwepa mengi ya hayo, ila si kila kalamu. Ile inayosoma kwa hatua za 0.1 iache dukani. Tafuta ya 0.01, inayosawazishwa kwa pointi mbili, yaani kwa miyeyusho miwili ya pH inayojulikana. Maji ya bahari yako kati ya 7 na 10, basi tumia miyeyusho ya pH hizo mbili (au 6.86 na 9.18 za pakiti za unga). Ule wa 4.01 hauna kazi hapa. Mimina kidogo kwenye kikombe, ukimaliza umwage, kamwe usirudishe chupani. Chupa ya 10 ikikaa wazi hunyonya hewa ukaa na kushuka, na wengi hulaumu kalamu bure. Kofia ya kalamu iwe na matone ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Maji yaliyochujwa hadi kubaki matupu huua kioo polepole.

Asiyetumia maji ya chokaa wala riakta ya kalsiamu (chombo kinachoyeyusha mawe ya chokaa kwa hewa ukaa) anunue kalamu nzuri, apime mara mbili kwa siku, kabla taa hazijawaka na kabla hazijazimwa, na fedha inayobaki inunue kipimo cha alikaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Hapo ndipo matumbawe yanapookolewa au kupotea. pH ikiwa 7.9 huku alikaliniti ni 8 au 9 dKH (kizio chake), mara nyingi tatizo ni hewa ukaa iliyojaa katika nyumba iliyofungwa. Peleka glasi ya maji nje, ipulizie hewa kwa saa moja, upime tena. Ikipanda, fungua madirisha au vuta hadi nje mrija wa hewa wa skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu). Anayekimbilia magadi ya kuokea kwa sababu ya namba ya pH hupandisha alikaliniti, pH ikabaki palepale, na ncha za matumbawe zikaungua.

Anayetumia chokaa au riakta anunue cha kudumu, mradi kiwe na kengele na soketi ya BNC, ambayo kihisi huchomekwa na kuchomolewa. Chenye kihisi kisichochomoka hutupwa kizima siku kioo kinapochoka.