Printa Haina Dereva

Juzi bibi yangu aliniuliza swali nikashindwa kulijibu: huyo dereva wa printa akipatikana, atalala wapi?

Kosa ni langu mwenyewe. Nilikuwa nimejipenyeza chini ya meza, waya mmoja nimeuuma kwa meno, tochi ya simu yanipiga machoni, naye yuko kitandani kwake na tasbihi yake. Akauliza kadi za harusi zimekwama wapi. Nikamjibu bila kufikiri, "Printa haina dereva, bibi." Akavuta shanga tatu nne. "Mwanangu," akasema, "mui huu wa Lamu punda wawili wakikutana kichochoroni sharti mmoja arudi nyuma. Wewe yeo watafuta dereva? Mpakie punda."

"Si dereva wa gari, bibi. Ni programu ya kuifanya kompyuta isikizane na printa."

"Kumbe zimegombana! Sema basi. Hilo lataka wazee, halitaki waya." Akarudi kwenye shanga zake, kisha akakumbuka. "Na huyo dereva akija, atalala wapi? Vyumba vyote vimejaa watu wa harusi."

Kadi zenyewe ni 40 tu. Mwana wa khalati yangu aolewa Ijumaa ya wiki ijayo, watu wameshaalikwa kwa mdomo na kwa simu, lakini khalati anasema kadi ndiyo heshima. Hakuniuliza kama nina nafasi. Hapa Lamu, ukishajulikana kwamba waelewa kompyuta, huombwi tena, hutumwa.

Mimi kwa riziki yangu nauza misumari na rangi dukani kwa ami, hapo Usita wa Mui, barabara kuu ya mji. Kompyuta ni mapenzi tu, wala haijanipatia hata bei ya kikombe cha kahawa. Lakini mtu akija kununua nusu kilo ya misumari, kwapani ana laptopu, na laptopu ndiyo inayotangulia kuwekwa juu ya mizani. "Hebu itazame, imejizima yenyewe, wallahi sikugusa kitu." Lamu nzima hakuna aliyegusa kitu. Nikiifungua, chini ya kibodi natoa ufuta, makombo ya mkate wa mofa, na siku moja sisimizi waliokwisha kuhamia na mayai yao. Na chumvi, bila shaka. Mashine ikikaa miezi sita kwenye dirisha la upande wa bahari, matundu ya USB yaota kutu kama misumari ya jahazi. Dawa yangu ni spiriti, mswaki wa zamani, na raba ya mtoto wa shule ya kusugulia meno ya memori. Mara nyingi hutosha. Isipotosha, nazima, nakunja uso kama daktari, nawasha tena.

Kuna mzee mmoja, jina lake nalihifadhi, alinijia akiapa kwamba amefanyiwa kitu. Kila ukurasa akifungua, kompyuta yamwonya kwamba mahali hapa si salama. Benki, si salama. Gazeti, si salama. Akafungua ukurasa wa kusikilizia Qurani, nao si salama! Hapo ndipo alipotaka tutafute mtu wa kuisomea mashine. Nikatazama pembeni mwa kioo: tarehe 1 Januari 2009. Ile betri ndogo ya saa, ya mviringo kama sarafu, CR2032 yaitwa, volti 3, ilikuwa imekufa. Na kompyuta ya namna ile ikipoteza saa hurudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Sasa tovuti hizi kila moja ina cheti chake cha kujitambulisha, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini kwamba ni 2009, ukiionyesha cheti kilichotolewa mwaka huu, hujibu kwamba cheti hicho wakati wake haujafika, ikafunga mlango. Nikatia betri mpya, nikaweka tarehe. Mzee akaitazama tarehe, akahesabu umri wake kwa vidole, akasema afadhali ile ya kwanza.

Wala simcheki sana, kwa sababu saa imeshaniaibisha mimi mwenyewe, tena Ramadhani.

Laptopu yangu wakati ule ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha, kama mtu mwenye nyumba mbili. Mmoja ni Linux. Mwingine ni ule wa kununua, niliuacha kwa ajili ya mahesabu ya duka la ami. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya Greenwich, halafu ikikuonyesha huongeza zile saa 3 zetu. Ule mwingine huichukua saa ile ile ikaiita saa ya Lamu. Kwa hiyo ukitoka huku ukaingia kule, umerudishwa nyuma saa 3 bila kuulizwa. Nilijua. Nilikuwa nikisema nitairekebisha kesho. Na huko huko kwenye ule wa kununua nilikuwa nimeweka programu ya adhana, spika mbili, sauti juu kabisa, thawabu nimtafutie bibi ambaye hulalamika kwamba sauti ya msikitini haimfikii vizuri.

Ikafika Magharibi. Misikiti ikaadhini saa 12 na nusu, tukafuturu kwa tende na uji, watu wakaenda tarawehe. Saa 3 na nusu usiku, mtaa umetulia, madirisha wazi kwa joto, laptopu yangu ikaadhini Magharibi. Kwa uwezo wake wote. Jirani akachungulia akauliza kama saumu ya siku hiyo imeongezwa. Mwingine, mtu wa mzaha, akajibu kutoka barazani kwamba la, ni wale wanaofuata mwandamo wa Uingereza. Bibi yangu, ambaye ngazi humchukua robo saa, usiku ule alishuka kama msichana, bakora mkononi. Dawa ya ugonjwa ule ni mstari mmoja tu wa amri. Niliuandika usiku huo huo, bakora imenisimamia.

Haya, turudi kwa printa.

Jumanne baada ya Isha kila kitu kilikuwa kizima. Nataka hili lijulikane. Kadi ya majaribio ilitoka, maua yamekaa pembeni, jina la bwana harusi halikukatwa. Mke wangu akasema, "Chapa zote sasa, tulale." Lakini juu ya kioo palikuwa na kijitangazo: masasisho 214 yanakungoja. Mtu mwenye akili zake hukipita kijitangazo kile kama apitavyo punda mkali, kwa mbali na kimya kimya. Mimi nina maradhi. Nikiona kitu kimoja hakijasasishwa, usingizi hauji. Naona kama nimeacha mlango wa barabarani wazi. Nikabonyeza.

Ilipowaka tena, printa haitambuliki. Na wifi haipo. Si kwamba ni dhaifu, haipo kabisa, hata ile alama yake imeondoka kama haikuwahi kuzaliwa.

"Hii si ilikuwa nzima?" mke wangu akauliza.

"Ilikuwa."

"Na sasa?"

"Sasa ni mpya."

Nikaona bora nimfahamishe. Nikamwambia Linux ni mali ya watu wote, kwamba kiini chake kilianzwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi kule Helsinki, kwamba mtu hulipi hata senti, na kwamba huu niutumiao waitwa Ubuntu, neno la jamaa zetu wa Afrika Kusini, ndugu yake utu. Bibi akadakia kutoka chumba cha ndani, "Basi utu uko. Dereva ndiye hayuko."

Nyumba yetu kuta zake ni za matumbawe na chokaa, unene kama mkono mzima. Mji wenyewe umetiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Wageni huja kuzipapasa kuta hizi na kuzisifu kwa ubaridi wake. Zazuia wifi isitoke sebuleni hata kufika darini. Masikio ya bibi hazijapata kuyazuia.

Sasa tazama mtego wenyewe. Ili wifi irudi nahitaji dereva wake. Dereva wake yuko kwenye intaneti. Ili niifikie intaneti nahitaji wifi. Ni sawa na mtu aliyekwama hapa gatini usiku, boti iko Mokowe, ng'ambo ya bara, na mwenye boti ampigia simu amwambia, boti ni yako, njoo uichukue. Ningechomeka waya wa moja kwa moja, lakini mwezi uliopita punda mwenye mzigo wa mchanga aliupitia ukiwa umening'inia kichochoroni, akaenda nao mpaka mtaa wa Langoni. Simlaumu punda. Waya ulitundikwa chini.

Ikabaki simu: niichomeke kwenye laptopu kwa USB, intaneti ipite humo. Nikachomeka. Simu ikachaji vizuri sana. Nikabadilisha mipangilio, nikazima, nikawasha, nikasoma Bismillahi, simu ikaendelea kuchaji. Saa nzima yapita ndipo nikatanabahi: zile waya za bei ya chini, nyingine ndani mna nyuzi za umeme pekee, za data hamna. Kwa hiyo kesho yake nikanunua mwingine shilingi 300, muuzaji akaapa kwamba huu una kila kitu. Nimerudi nyumbani, nimeketi, stima ikapotea. Betri ya laptopu yangu hushika dakika 11. Nazijua dakika zile moja moja kama watoto wangu.

Na katika muda wote huu watu walikuwa wakisaidia. Mimi kila nikijaribu jambo nilibonyeza "chapa", nione kama imekubali. Labda mara tano, labda sita. Mke wangu, nilipokwenda kuswali, alibonyeza mara nne kwa nia njema. Khalati alikuja kuuliza kadi, akaiona ile alama ya printa, akasema, "Si hii hapa?" akabonyeza naye, kisha akanitazama kama mvivu. Hakuna kilichotoka, kwa hiyo hakuna aliyehesabu.

Stima ilirudi usiku wa manane. Waya mpya, alhamdulillahi, ulikuwa na kila kitu. Intaneti ikapita kwenye simu, dereva wa wifi akapatikana, na baada yake dereva wa printa. Ilikuwa saa 11 alfajiri, adhana ya kweli yasikika misikitini. Printa ilikuwa imesimamishwa, nikairuhusu iendelee. Ikakohoa, ikavuta karatasi, ikatoa kadi. Nzuri! Ikatoa ya pili. Nikamwamsha mke wangu aje aone. Tukasimama pale kama watu wanaotazama meli ikitia nanga, tukahesabu mpaka 40.

Ikatoa ya 41.

Nikakumbuka foleni. Kila mkono uliobonyeza, kompyuta ilikuwa imeuandika na kuuweka kwa zamu, 40 kwa 40, na sasa zamu zao zimefika. Nikabonyeza sitisha, ikanijibu kwamba inasitisha, ikaendelea. Nikachomoa waya, nikachomeka, ikaanza ilipoachia. Kadi zilijaa mezani zikaanza kuangukia mkekani, maua ya waridi yakipauka kidogo kidogo kadiri wino ulivyopungua, jina la bwana harusi likageuka la kijani.

Bibi akaita kutoka ndani. "Amefika huyo dereva?"

"Amefika, bibi."

"Mwambie apunguze mwendo. Ndani mna watu wamelala."