Skrini Pana Haikuzaliwa Hollywood

Waulize wapenzi wa filamu skrini pana ilianzia wapi, wengi watakutajia CinemaScope, mfumo wa picha pana wa studio ya 20th Century Fox, Hollywood na mwaka 1953. Jibu hilo nalikubali nusu. Hollywood ndiyo iliyoitangaza na kuiuza dunia nzima. Lenzi yenyewe ilitoka Ufaransa, kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota.

Henri Chrétien alikuwa mwanaastronomia na bingwa wa lenzi na vioo. Hata darubini ya angani ya Hubble inafuata muundo wa vioo aliobuni pamoja na Mmarekani George Ritchey. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitengeneza lenzi aliyoiita Hypergonar. Ujanja wake ni huu: wakati wa kupiga picha, lenzi inaibana mandhari kwa upana, ikaingia yote kwenye filamu ya kawaida ya milimita 35. Ukiitazama filamu hiyo kwa macho, kila mtu ni kimbaumbau. Ukumbini, projekta yenye lenzi ya aina hiyohiyo inaikunjua, watu wanarudia miili yao, na picha inatanda ukuta mzima. Mwongozaji Mfaransa Abel Gance alipotaka upana kama huo katika *Napoléon* ya mwaka 1927, alilazimika kutumia kamera tatu na projekta tatu. Chrétien alimaliza kazi kwa kipande cha kioo.

Na bado kioo hicho kilikaa robo karne bila kushughulikiwa. Mwongozaji Claude Autant-Lara alikitumia kwenye filamu yake fupi *Construire un feu*, ikaonyeshwa Paris mwaka 1930, lakini wakati huo wenye majumba ya sinema walikuwa wanamwaga fedha kwenye mitambo ya sauti. Nani angewaambia wanunue na lenzi tena? Mwaka 1937 Hypergonar ikatumika kwenye skrini kubwa mno katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris. Watu wakatazama, wakaenda zao.

Kilichoiamsha ni woga. Televisheni ilipoingia majumbani mwa Wamarekani, viti vya sinema vikaanza kubaki vitupu. Desemba 1952 Spyros Skouras, mkuu wa 20th Century Fox, akafunga safari kwenda kwa Chrétien na kununua lenzi zake. Septemba 1953 *The Robe*, filamu ya kwanza ya CinemaScope, ikazinduliwa New York.

Sisemi Wamarekani waliiba. Walilipa, wakaongeza sauti ya stirio, wakawabembeleza wenye kumbi wabadilishe skrini, na mwaka 1954 Chrétien alitajwa pamoja na wahandisi wa Fox kwenye tuzo ya Oscar. Ugomvi wangu ni na wanaosimulia historia ya sinema kana kwamba kabla ya 1953 palikuwa na giza tupu. Jina la biashara limemmeza mtu.

Wafaransa nao walikuwa wamelipa kisasi mapema, bila kukusudia. Mwaka 1946, baada ya vita, filamu za Marekani zilizokuwa zimezuiwa chini ya utawala wa Wajerumani zilifika Paris kwa mkupuo, na mhakiki Nino Frank akaziita zile za uhalifu na vivuli "film noir", yaani filamu nyeusi. Leo Wamarekani wenyewe huziita hivyo, kwa Kifaransa.

Hapa kwetu, kinachonikera ni mapande meusi ambayo vijana wa video za muziki hubandika juu na chini ya picha ili ionekane ya sinema. Kubandika hivyo ni kukata picha tu. Lenzi ya Chrétien haikumpunguzia mtazamaji kitu; ilimwongezea pembeni.

Wale wanaolalamika kwamba simu zimetuletea video za wima, nao wakasome habari za Autant-Lara. Kwenye filamu ileile aliigeuza lenzi, pale alipohitaji picha ndefu ya kwenda juu badala ya pana.